Protekta ya Maji na Simu ya Msikiti

Kamati ya msikiti wetu ina simu moja. Si simu ya fahari. Ni simu ya kupapasa ya bei ya kati, iliyonunuliwa kwa michango ya waumini ili namba ya kuchangia iwe moja na isibadilike kila viongozi wanapobadilika. Laini iliyomo hupokea fedha za ujenzi, za maji na umeme, na za mfuko wa maziko. Kwa utaratibu tuliojiwekea, simu hukaa kwa katibu, na namba ya siri ya fedha huijua mweka hazina peke yake, ili asiwepo mtu mmoja awezaye kutoa hata shilingi bila ya mwenzake kujua. Ukatibu tumeubeba sisi kwa mwaka wa tatu sasa, na kwa muda wote huo simu hiyo imelala chumbani kwetu na kuamka nasi Alfajiri.

Tunaanza na simu hii kwa sababu vijana kadhaa wa mtaani wametuuliza, kila mmoja kwa wakati wake, swali lile lile: protekta ya maji inafaa, au ni kupoteza fedha? Wanatuuliza sisi kwa kuwa walituona tukiitumia na walitusikia tukiisifu. Sifa tuliitoa hadharani, barazani mwa msikiti. Yaliyofuata nayo yanastahili kuelezwa hadharani, hata kama yanatuaibisha kidogo.

Kwa asiyeifahamu, protekta ya maji ni kimiminika kinachouzwa katika chupa ndogo mno, pamoja na kitambaa chenye spiriti cha kusafishia na kitambaa kikavu cha kusugulia. Hudondoshwa juu ya kioo cha simu, hupakazwa, huachwa kikauke, kisha husuguliwa mpaka kioo kirudi kung'aa. Baada ya hapo hakuna kinachoonekana wala kinachoshikika. Muuzaji huahidi kwamba juu ya kioo sasa pana kioo kingine.

Tulikutana nayo Kariakoo, wiki mbili kabla ya Ramadhani. Protekta ya kioo iliyokuwa juu ya simu ya kamati ilikuwa na ufa uliokatiza pembeni, nasi tulikwenda kununua nyingine kama hiyo kwa Sh 5,000. Kijana wa dukani, mwenye adabu na ulimi mwepesi, alituambia, "Ustadh, hizo zimepitwa na wakati. Zinapasuka, zinaingiza vumbi pembeni, zinaifanya simu iwe nene. Siku hizi watu wanapaka hii." Bei yake ilikuwa Sh 15,000. Kabla hatujauliza zaidi, alitoa simu yake mwenyewe, akachukua funguo za duka na kuzikokota juu ya kioo kwa nguvu, mara tatu. Kisha akapitisha ncha ya kisu kidogo. Akapangusa kwa pindo la shati, na hapakuwa na alama hata moja. Akadondosha maji, nayo yakajikusanya kama shanga na kuteleza. Juu ya boksi paliandikwa 9H, naye akatufasiria kwamba hicho ni kipimo cha ugumu, na kwamba kilichobaki juu yake ni almasi tu.

Fedha zilikuwa za kamati. Tulizitoa. Kijana akaibandua protekta yenye ufa, akaitupa katika kikapu cha taka, akasafisha kioo, akapaka kimiminika chake na kutuagiza tusikilowanishe kioo hadi kesho yake. Kwa kweli simu ilipendeza. Kidole kiliteleza kama juu ya hariri, na alama za mafuta zilitoka kwa mpanguso mmoja. Siku ya pili, baada ya swala ya Alasiri, tuliwaonyesha vijana waliokuwa barazani na kuwaambia kuwa hii ndiyo protekta ya kisasa. Wawili kati yao walikwenda kununua wiki ile ile.

Ramadhani ikapita kwa salama. Ilipofika katikati ya Shawwal, siku moja baada ya Adhuhuri, tuliletewa habari ya msiba. Aliyefariki alikuwa mzee muuza kahawa, ambaye kwa miaka mingi aliweka birika lake nje ya msikiti na kumpa kikombe kila aliyetoka swala ya Isha, awe na fedha au asiwe nazo. Familia yake haikuwa na kitu. Kamati ikaamua kuwa mfuko wa maziko ubebe sanda, gari na uchimbaji wa kaburi, na kwamba maziko yawe mara baada ya Alasiri. Katibu akatakiwa awe na simu tayari.

Tulikuwa mahali pa kutilia udhu. Simu ilikuwa katika mfuko wa kifuani wa kanzu. Tulipoinama kunawa miguu ilichomoka, ikaangukia saruji kwa pembe yake. Hatukusikia mlio mkubwa. Tulipoigeuza, nyufa zilikuwa zimetanda kutoka pembeni mpaka katikati kama utando wa buibui, nusu ya chini ya kioo ilikuwa nyeusi, na nusu ya juu haikusikia kidole. Muda huo huo simu ikaita. Alikuwa dereva wa gari la maziko, tukaliona jina lake likiwaka mbele yetu na hatukuweza kupokea.

Mwenyezi Mungu alituvusha. Mzee wetu mweka hazina alikuwa karibu. Tukaitoa laini kwa ncha ya pini, tukaiweka katika simu ya mwanawe, naye akaingiza namba ya siri na kutoa fedha kwa wakala. Lakini wakala wa kwanza hakuwa na fedha za kutosha, tukatafuta wa pili, na dereva naye alikuwa ameshaondoka kwa kudhani kwamba safari imevunjika. Maziko yalichelewa kwa nusu saa na zaidi. Watu walisimama juani na jeneza likiwa mbele yao, wakitutazama sisi. Mzee alizikwa kabla ya Magharibi, alhamdulillah, lakini ile nusu saa hatujaisahau.

Usiku wake tukatambua tatizo la pili. Waliochangia mfuko kwa kutuma kwa simu, kumbukumbu zao zilikuwa katika hesabu za laini. Lakini wako waliotoa mkononi tangu mwanzo wa Ramadhani, watu 47, na hao tulikuwa tukiwaandika ndani ya simu tu, katika ile programu ya kuandikia kumbukumbu. Daftari la zamani lilikuwa limejaa, na tulikuwa tunasema tutanunua jipya. Fundi simu alituambia kwamba kioo kipya pamoja na ufundi ni Sh 130,000, na kwamba kitapatikana baada ya siku nne. Ijumaa ilikuwa baada ya siku mbili, na Ijumaa ndiyo siku ya katibu kusoma hesabu.

Tulisimama mbele ya waumini bila ya hesabu. Tukaeleza lililotokea, tukaomba kila aliyetoa mkononi aje aseme alitoa kiasi gani, tuandike upya. Tulitarajia maneno makali. Watu walipanga mstari. Simu ilipotengenezwa wiki iliyofuata na orodha ikapatikana, tuliilinganisha na ile ya mdomo, jina kwa jina. Zilitofautiana mahali pamoja tu: mtu mmoja alikuwa amesema Sh 10,000, na katika simu tulimwandika Sh 20,000. Alikuwa amesahau. Siku hiyo tulijua kwamba amana ya watu ilikuwa imekaa salama zaidi katika vifua vyao kuliko mikononi mwetu.

Sasa likabaki suala la Sh 130,000. Zitoke wapi? Katika kikao cha kamati maneno yalikuwa mawili. Mzee mweka hazina alisema, "Mwanangu, simu huanguka. Hukuitupa." Akakumbusha kanuni ambayo kila aliyesoma fiqhi anaijua: mwenye kushika amana halazimiki kulipa kinapoharibika mikononi mwake, ila akivuka mpaka au akizembea. Mjumbe mwingine, naye ni mtu wa haki, akasema, "Hilo la kuzembea ndilo la kuangaliwa. Simu ilikuwa na kinga. Katibu akaitoa kinga, akaipaka simu marashi." Watu walicheka, nasi tulicheka, lakini neno lile liliingia. Tukaomba wiki mbili tulichunguze jambo lenyewe: kile tulichokipaka ni kinga au ni marashi?

Tulisoma, tukauliza mafundi, na tukajaribu wenyewe. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kimiminika kilichomo chupani, kwa sehemu kubwa, ni aina ya spiriti iliyochanganywa na chembechembe za dioksidi ya silikoni. Spiriti huruka hewani, na chembe hubaki zimeshikamana na kioo. Dioksidi ya silikoni si kitu cha ajabu, ndiyo iliyomo kwa wingi katika mchanga na ndiyo asili ya kioo chenyewe. Kwa hiyo muuzaji hasemi uongo anapodai kwamba juu ya kioo pamewekwa kitu cha jamii ya kioo. Suala ni kiasi gani. Tabaka linalobaki hupimwa kwa nanomita, na nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Tabaka hilo huwa la nanomita chache hadi mamia kadhaa, ilhali unywele mmoja wa kichwa una unene wa kama nanomita 80,000. Protekta ya kioo ya kawaida ina unene wa milimita 0.33 hivi, yaani nanomita 330,000. Tofauti hiyo si ya shuka na blanketi. Ni ya blanketi na harufu ya sabuni iliyobaki katika shuka.

Ama ile 9H, haihusiani na almasi. Ni kipimo cha penseli. Wapimaji wa rangi na vipako huchukua penseli za ugumu mbalimbali, kuanzia zile laini zenye herufi B hadi zile ngumu zenye herufi H, wakazikokota juu ya kipako. Kipako kisichochanwa na penseli ya 9H, iliyo ngumu kuliko zote katika kipimo hicho, hupewa alama hiyo. Almasi ni ya kipimo kingine kabisa, kile alichokiweka Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812 kwa ajili ya madini. Hicho kina daraja 1 hadi 10, na almasi ndiyo ya 10. Tarakimu 9 katika kipimo cha penseli na tarakimu 9 katika kipimo cha madini zinafanana kwa sura tu, kama vile kilo tisa na maili tisa zinavyofanana.

Tulipokifahamu kipimo cha Mohs ndipo tulipouelewa mchezo wa funguo. Funguo za shaba nyeupe zina ugumu wa daraja la 3 au la 4. Kisu cha kawaida kiko karibu na 5 na nusu. Kioo cha simu huanza kuchubuka kwenye daraja la 6, na huchimbika zaidi kwenye la 7. Maana yake ni kwamba funguo na kisu havichubui kioo cha simu hata kama hakijapakwa chochote. Kilichopimwa pale dukani kilikuwa kioo cha kiwandani, na sifa zikapewa chupa.

Na kioo cha kiwandani kina haki ya sifa hizo. Kampuni ya Corning ya Marekani, ambayo vioo vyake vya Gorilla Glass vimo katika simu nyingi tangu iPhone ya kwanza ya mwaka 2007, hukichovya kioo katika chumvi iliyoyeyuka kwa joto la nyuzi 400 hivi. Humo chembe ndogo za sodiamu hutoka katika uso wa kioo, na chembe kubwa zaidi za potasiamu huchukua nafasi zao, zikabanana. Kubanana huko ndiko kunakokifanya kioo kiwe kigumu kupasuka. Simu inapofika dukani nguvu hiyo imo tayari, na tone la chupani haliiongezi kwa kiasi cha kuonekana.

Hatukutaka kutegemea maandishi tu. Nyumbani tulikuwa na simu ya zamani, na katika chupa palibaki matone. Mwanetu wa kwanza, aliye darasa la sita, akabandika utepe katikati ya kioo, tukapaka upande mmoja na kuuacha wa pili. Siku ya pili tukapitisha funguo pande zote mbili: hakuna mkwaruzo, si huku wala kule. Tukapitisha kisu cha jikoni: hali ni ile ile. Kisha mtoto akaleta mchanga kidogo kutoka uani, tukausugua kwa kidole gumba. Mikwaruzo ikatokea pande zote mbili, na aliyefichwa upande uliopakwa hakuweza kuutambua. Mchanga una madini ya kwatzi, na kwatzi ni daraja la 7. Sisi watu wa pwani tunaembeba mchanga mifukoni, mikobani na kwenye viti vya daladala. Adui wa kioo cha simu zetu ni huyo, na protekta ya maji haimzuii.

Palikuwa na tofauti moja ya kweli, na uadilifu unatutaka tuitaje. Tone la maji upande uliopakwa lilisimama kama shanga, na upande wa pili lilitandaa. Alama za vidole zilitoka kwa wepesi. Simu nyingi huja na tabaka jembamba la kufukuza mafuta kutoka kiwandani. Apple, kwa mfano, ilianza kuliweka katika iPhone 3GS ya mwaka 2009. Tabaka hilo hulika kwa kupapaswa, na simu ya zamani huwa inanata. Kupaka kimiminika hiki hurudisha ule utelezi. Lakini nao hulika. Katika simu yetu ya majaribio, baada ya wiki kadhaa za mwanetu kuchezea, matone ya pande mbili yalikuwa hayatofautiani tena.

Hapo ndipo tulipoona kasoro iliyo kubwa kuliko zote. Protekta ya kioo inapochakaa, unaiona. Ina mikwaruzo, ina ufa, pembe imenyanyuka, nawe unajua kwamba ni wakati wa kuibadili. Hata ule ufa tuliokwenda nao Kariakoo, sisi tuliuona kuwa ni ubovu, kumbe huenda ulikuwa ni ushahidi: siku fulani simu ilianguka au iligongwa, na kilichopasuka kikawa ni kile cha Sh 5,000. Protekta ya maji haikupi ushahidi wa namna hiyo. Huijui ilipoanza wala ilipokwisha. Siku simu ilipoanguka mahali pa udhu, hatuwezi kusema kama juu yake palikuwa na kitu chochote, kwa kuwa miezi miwili ya kupapaswa ilikuwa imepita.

Sote tunakijua kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono katika rundo la chakula, vidole vyake vikakuta unyevu uliofichwa chini, naye akamkemea mwenye mali. Mnunuzi wa nafaka anaweza kutia mkono. Katika bidhaa hii hakuna pa kutia mkono, wala kwa mnunuzi wala kwa muuzaji. Ndiyo maana hatumtuhumu kijana wa Kariakoo kwa ughushi. Simu yake mwenyewe alikuwa ameipaka, na funguo zake zilimhadaa yeye kabla ya kutuhadaa sisi. Lakini mwenye kuuza asichokijua, na mwenye kununua kwa mali ya watu asichokiuliza, wote wawili wana la kujibu.

Tuliyarudisha haya yote mbele ya kamati. Mzee mweka hazina aliuliza swali la hekima: "Ile ya kioo ingeiokoa?" Tukajibu kwamba hatuwezi kuapa. Simu iliyoangukia pembe juu ya saruji inaweza kuvunjika hata ikiwa na protekta nzuri, kwa kuwa mshtuko huingia kwa pembeni. Kinachosaidia zaidi kwa anguko la namna hiyo ni kava yenye kingo zilizonyanyuka kidogo juu ya kioo, ambazo hugusa ardhi kwanza na kuumeza mshtuko. Simu ya kamati haikuwa na kava. Muuzaji alituambia tusiifiche simu nzuri, nasi tukamsikiliza.

Kamati ikaamua kwamba kuanguka ni ajali, na kioo kikalipwa na mfuko wa matumizi. Sisi tukaomba kurudisha Sh 15,000 za chupa, kwa sababu manunuzi hayo hatukumwuliza mtu, na tukanunua daftari kwa fedha zetu. Walikubali. Kuhusu nusu saa ya maziko hakuna kikao kilichoweza kutuhukumu, basi tulikwenda nyumbani kwa marehemu kuomba radhi. Mtoto wake mkubwa alitukaribisha, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ustadh, baba alikuwa na kitochi miaka yote. Kikianguka, betri inatoka, anairudisha, anaendelea kuuza kahawa." Akacheka, na macho yake yakajaa machozi. Tukasoma Fat-ha, tukaondoka.

Basi, kwa vijana waliouliza, jibu letu ni hili. Ukiwa na simu ya zamani ambayo kioo chake kinanata, na umeipata chupa hii kwa bei nafuu, paka. Utapata ulaini kwa muda. Ukiwa na saa ya mkononi yenye kioo kidogo cha mviringo kisichoshika protekta, paka ukipenda. Lakini ukitaka kinga dhidi ya mchanga, nunua protekta ya kioo, na ukitaka kinga dhidi ya anguko, tangulia kununua kava. Vyote viwili kwa pamoja, katika maduka tuliyopita, havikuzidi bei ya ile chupa moja. Wenye simu za kioo kilichopinda pembeni wasichanganye protekta ya maji na ile iitwayo ya UV. Hiyo ni kioo kamili kinachogandishwa kwa gundi ya maji na kukaushwa kwa taa ndogo ya zambarau. Inalinda, ila fundi awe mwangalifu, kwani gundi ikimwagika huingia katika vitufe na tundu la spika.

Na ziko chupa nyingine ambazo huuzwa pamoja na ahadi ya fidia kioo kikivunjika. Anayenunua hiyo ajue kwamba alichonunua ni ahadi, na asome masharti yake kabla ya kulipa, kwa kuwa kioo chake hakijawa kigumu zaidi kwa sababu ya karatasi iliyomo ndani ya boksi.

Jambo la mwisho halihusu kioo. Tulipokuwa tukisugua simu ile ili ing'ae, tulidhani tunalinda mali ya msikiti. Thamani ya simu ilikuwa ni zile safu 47 za majina, na hizo hatukuzipa kinga yoyote. Kila mwenye simu leo ana kitu cha namna hiyo ndani yake: namba za wateja, picha za mzazi aliyetangulia, madeni anayodai na anayodaiwa. Kabla ya kuuliza kioo kipakwe nini, ni vyema mtu akajiuliza: kioo hiki kikizimika sasa hivi, ni nini nitakachokuwa siwezi kukisema? Hicho akiandike mahali pa pili leo hii.

Simu ya kamati sasa ina protekta ya kioo ya Sh 5,000 na kava nyeusi nene ambayo watoto wetu wanasema ni mbaya. Daftari linakaa kabatini, na kila jioni ya Ijumaa tunanakili, na mweka hazina anatia sahihi. Wiki iliyopita mmoja wa wale vijana wawili walionunua kwa maneno yetu alikuja baada ya Isha, simu yake ikiwa na ufa. Hatukuwa na la kujitetea. Tulikwenda naye kwa fundi, tukachangia nusu ya gharama, kisha tukamnunulia kava.